Daktari wa Mawe na Nyumba Mbili Pacha

Mtu mwenye akili timamu akisikia ndugu wanagombana huvuka barabara. Daktari alizima injini ya pikapu yake na kushusha kioo ili asikie vizuri.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa daraja la kwanza. Ulitoka kwenye nyumba mbili kuukuu katikati ya mtaa wa zamani, nyumba zilizofanana kama viatu vya jozi moja: kuta nene za chokaa, madirisha ya matao, baraza ndefu mbele, na kati ya nyumba hizo ukuta mmoja mrefu. Mwanamke wa upande huu alikuwa anauambia mtaa mzima kwamba kuna watu waliachiwa na baba uwanja wa matofali mekundu ya kuchoma, tena mazuri, lakini macho wanayo ya mapambo tu. Mwanamke wa upande wa pili akajibu kwamba kuna mawifi waliopewa mawe ya kijivu yanayofaa ikulu, nao wanayaanikia matambara. Mlango ukabamizwa. Wa pili nao ukajibu.

Msomaji aelewe mapema kwamba Daktari hakuwa daktari. Jina alijipa mwenyewe; hospitali aliijua kwa kulazwa tu. Amewahi kuwa wakala wa viwanja, hadi kiwanja kimoja kilipopata wenyewe watatu siku moja. Amewahi kuuza dawa ya mchwa ambayo mchwa waliipenda. Lakini pikapu ile ya buluu ilikuwa halali yake. Ndicho kitu pekee maishani alichokinunua kwa bei yake, kwa pesa zake, kutoka kwa mtu mwenye haki ya kukiuza. Aliiosha kila asubuhi kabla ya kujiosha mwenyewe, na mwenye nyumba alipomfungia mlango, ndimo alimolala. Bila gari lile, Daktari alikuwa mdomo tu unaotembea kwa miguu.

Alishuka akamuuliza muuza magazeti wa kona, ambaye alikuwa anakula wali kwenye bakuli lenye ukingo wa buluu. Muuza magazeti akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Hao, alisema, ni dada na kaka wa tumbo moja. Baba yao alijenga nyumba mbili pacha, akakosea kwa kuzitandikia nyua tofauti, na tangu azikwe kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyependelewa. Hawasalimiani, hawazikani.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kabla muuza magazeti hajameza tonge, kunguru wetu alikuwa amekwisha kuona kila kitu: mawe ya dada yatoke kwa siri yaende kwa kaka, matofali ya kaka yaende kwa dada, na kila mmoja alipie uwanja wa mwenzake kana kwamba umetoka ng'ambo. Mzigo wenyewe safari yake ni kuzunguka kona. Na nani atagundua, ikiwa hawatazamani?

Kesho yake alianza na dada. Mtaa ulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na sebuleni kwake zilijaa picha za watoto waliovaa mataji ya karatasi na ndevu za pamba, michezo aliyoiongoza kila sikukuu ya wazazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama ya bandeji iliyotoka karibuni. Daktari hakuwa na muda wa picha wala mkono. Alipiga goti uani, akatoa kijiko mfukoni, akagonga jiwe moja na kulitegea sikio kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Mama, nani alikuwekea mawe haya?"

"Marehemu baba."

"Mungu amrehemu. Walimdanganya."

Mwalimu akavua miwani. Daktari akamweleza kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba kwamba nyumba yenye matao namna hii ni nyumba ya matofali mekundu, na kuitandikia mawe ya kijivu ni kumvika bibi harusi gamubuti. Akaeleza pia kwamba ukuta wa chokaa unapumua, ukiupakia saruji miguuni unaukaba. Kwamba uwanja wa nyumba ya kale hulazwa juu ya mchanga, na uiname kidogo kutoka ukutani ili maji yaende zake. Haya yote yalikuwa kweli tupu. Alikuwa ameyasikia kwenye video ya simu usiku wa jana yake, amelala kwenye kiti cha pikapu, na yeye mwenyewe hakujua kama ni kweli.

Kisha akatoa lile neno lake, ambalo alikuwa amelitunga barabarani na kulipenda sana. "Jiwe halidanganyi, mama. Ukitaka siri ya nyumba usimuulize mwenyewe, tazama jiwe lilipolika. Mdomo unaweza kusema uongo. Miguu haiwezi."

Mwalimu alilirudia taratibu, kama anayetaka kulihifadhi. Akakubali. Bei aliitaja Daktari, na Mwalimu hakuomba apunguziwe hata kidogo, jambo ambalo lingemshtua mtu asiyekuwa na tamaa. Alikuwa na masharti mawili tu. Malipo ni kazi ikiisha, maana fundi aliyelipwa kabla hana miguu ya kurudi. Na kwa kuwa mawe yale ni ya marehemu baba, hayatatoka getini bila yeye kushika kitu.

"Nishike kadi ya umiliki wa gari lako, mwanangu. Moyo wangu utulie."

Daktari aliitazama pikapu yake pale nje. Lakini alipiga hesabu ya bei mara mbili, mara ya dada na mara ya kaka, akaitoa. Kadi ikaingia kwenye kabati la Mwalimu, chini ya mataji ya karatasi.

Kwa kaka hakuchukua muda. Mstaafu wa posta, mtu wa maneno machache, alielezwa kwamba nyumba yenye matao namna hii ni nyumba ya mawe ya kijivu, na kuitandikia matofali ni aibu kwa ukoo. Aliuliza swali moja tu, kama mawe yatabeba gari lake, kwa sababu matofali yalikuwa yanadidimia chini ya magurudumu. Daktari akasema yatabeba hata treni. Mke wa Mstaafu, aliyekuwa anamimina chai, akasisitiza kwamba wifi yake asijue, maana akijua ataiga.

"Atajulia wapi, shemeji," alisema Daktari, "wakati hamtazamani?"

Kazi ikaanza. Daktari alikodi vibarua kwa pesa za mfukoni, akanunua mchanga, akajaza mafuta. Aliwaambia wateja wote wawili wakae ndani, kwa kuwa vumbi la nyumba za kale lina madhara kwa watu wa heshima. Wakatii kwa utiifu wa ajabu. Mawe yalitoka kwa Mwalimu yamefunikwa turubai, yakalala kwenye kiwanja kitupu mwisho wa mtaa, na kesho yake yakaingia kwa Mstaafu kama wageni kutoka mbali. Siku moja alikata kona na shehena nzima ya matofali, turubai limepeperuka, akakuta mke wa Mstaafu amesimama barazani. Mama wa watu akageuka akatazama ukuta. Daktari alimshukuru Mungu wake kwa kumpa wateja wasio na macho.

Kulikuwa na mambo madogo. Mchuzi ulionukia nyumba ya kwanza ulinukia na ya pili. Bakuli lenye ukingo wa buluu alilolia chakula kwa Mwalimu siku moja, alilikuta kwa Mstaafu siku ya pili, na pengo lake lilelile. Alisema moyoni ni vyombo vya urithi, akaendelea kutafuna.

Kilichomkera ni Mwalimu. Daktari alikuwa amepanga kumwaga saruji chapuchapu na kuondoka, lakini kila alipofungua mfuko, dirisha lilifunguka.

"Daktari, ukuta utapumuaje?"

Ikabidi atandike juu ya mchanga, tofali kwa tofali, kwa magoti yake mwenyewe, maana vibarua walikuwa wamemaliza pesa zake. Usiku alilala akiota matofali. Asubuhi aliamka magoti yakilia kama bawaba za mlango.

Siku ya malipo alioga kwanza, kisha akaosha gari. Akaingia kwa Mwalimu na tabasamu lake lote. Uwanja mwekundu ulikuwa unapendeza, na juu yake palikuwa na meza, na kwenye meza walikaa Mwalimu, Mstaafu na mke wa Mstaafu, wakimenyeana machungwa.

Daktari aligeuka arudi getini. Kisha akakumbuka kadi.

"Karibu, Daktari," alisema Mwalimu. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Naona mmepatana," alisema Daktari. Mdomo wake ulikuwa wa kwanza kupata nguvu. "Hilo ndilo lililokuwa lengo langu. Ndugu wakipatana..."

"Tuligombana lini?" aliuliza Mstaafu.

Ndipo Mwalimu aliponyanyuka, akampeleka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Akasogeza shuka lililokuwa limeanikwa. Kwenye ukuta ule mrefu palikuwa na mlango mdogo wa mbao, uko wazi. Kizingiti chake kilikuwa jiwe moja la kijivu, na katikati lilikuwa limelika na kubonyea kama sinia. Watoto walilipita wakibeba bakuli. Mawifi walilipita wakiazima chumvi, wakirudisha chumvi, wakipeleka umbea. Kila siku, tangu siku ya kwanza.

"Ulituambia tutazame jiwe lilipolika," alisema Mwalimu. "Hili hukulitazama, mwanangu."

Daktari alilitazama sasa, kwa muda mrefu. Aliona aibu, na aibu ilikuwa kitu kigeni kwake hata hakujua aiweke wapi. Mke wa Mstaafu akamweleza bila kinyongo. Mawe yanateleza mvua ikinyesha. Wifi yake alianguka mara mbili, ya pili akavunjika mkono, na akianguka ya tatu huenda asiamke. Matofali yana mkwaruzo, hayaangushi mtu, ila hayabebi gari. Kubadilishana ndiyo dawa, na hilo walilijua zamani.

"Tukaita mafundi wa kweli, wakatutajia bei," alisema Mwalimu. "Tukaona tusubiri wa uongo. Nikaandika mchezo mdogo, wifi na muuza magazeti wakaucheza vizuri sana."

"Ule mlango niliubamiza mimi," alisema Mstaafu, na ilikuwa wazi kwamba anajivunia.

Polisi hakutajwa, wala malipo. Hapakuwa na haja. Kila mtu pale uani alijua nani ameuziwa nini na nani. Daktari aliomba kadi yake kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia, sauti yake mwenyewe. Alisema hana nyumba, hana ofisi, ana lile gari tu. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha pembe moja ya uwanja ambapo maji yalikuwa yanatuama karibu na ukuta. Daktari akavua shati la siku ya malipo, akapiga magoti, akang'oa, akalaza upya. Mwalimu akamwaga ndoo ya maji. Maji yakasita, yakafikiri, yakakimbilia mfereji.

Daktari alijikuta anatabasamu, tena bila kumlenga mtu.

"Nane kwa kumi," alisema Mwalimu, akampa kadi na wali aliofungiwa wa kwenda nao.

Alirudi garini akaibusu ile kadi, akaiweka kifuani. Alikuwa hajawasha injini sauti zilipolipuka nyuma yake. Kuna watu, alipiga kelele mmoja, waliachiwa na baba paa la vigae vizima, na shukrani hawana. Kuna mawifi, alijibu mwingine, ambao paa lao linavuja mpaka kitandani, na bado wanaringa. Mlango ukabamizwa.

Ng'ambo ya barabara kijana mmoja mwenye tai, amebana kwapani sampuli ya kigae, alikuwa amesimama ametega sikio. Macho yake yaling'aa kwa mng'ao ambao Daktari aliufahamu vizuri kabisa. Akasogea dirishani mwa pikapu.

"Kaka, samahani. Hawa majirani vipi?"

Daktari alimtazama. Akatazama yale mapaa mawili yaliyochoka. Akasikia magoti yake. Kwenye kona, muuza magazeti aliacha kutafuna, akasubiri.

Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Ndugu wa tumbo moja," alisema. "Hawasalimiani, hawazikani. Kila mmoja analilia paa la mwenzake. Anza na yule mama, taratibu, ana moyo laini."

Kijana alimshukuru, akanyoosha tai, akaelekea getini. Daktari aliwasha gari, akalisogeza kidogo, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Na beba kadi ya gari," alimwita. "Atakuomba."