Jicho la Maskati

Kwa tangazo lililobandikwa kwenye ubao mwaka 1997, na kutiwa saini mara mbili ili lisidharauliwe, Idara ya Heshima ya Herufi mjini Maskati iliachana rasmi na sentimita. Tangu siku hiyo kila kitu kingepimwa kwa riga, kipimo cha wachapaji wa Italia, ambacho ni nusu sentimita kasoro kidogo, na ndani yake mna punto kumi na mbili.

Mwenye tangazo alikuwa mudir wa idara, Ustadh Thabit, wa ukoo uliorudi kutoka Unguja. Alikuwa amekwenda kozi Milano kufuata mashine mpya ya kupanga herufi, akarudi haioni tena dunia ila kwa riga. Justus, Mhaya aliyepika chai ya idara, alitumwa kwa fundi wa Darsait kuagiza pazia la riga mia tano. Fundi alishona alivyojua yeye, pazia likaishia katikati ya dirisha, na Thabit akalisifu kwa usahihi wake.

Kisha akatoa waraka mkubwa zaidi: jina la kila mtumishi, na kila neno lake, litachapwa kwa herufi zinazolingana na hadhi yake. Mashine ile haikutaja ukubwa wa herufi kwa namba. Ilitumia majina, kama wachapaji wa Italia wa zamani. Na kwa kuwa Milano Thabit alijifunza zaidi vyakula kuliko lugha, majina aliyagawa kwa sikio. Filosofia alipewa naibu wake, Hamoud, kwa sababu ana digrii. Canone alipewa Justus, kwa sababu linasikika kama kona, na jiko la chai liko kwenye kona. Yeye mwenyewe alichukua Occhio di Mosca. Occhio alilijua ni jicho, maana kule aliingiwa na vumbi na daktari akalitaja sana. Mosca, kwa mtu yeyote mwenye akili, ilikuwa Maskati.

"Jicho la Maskati," alimwambia Kheiria, mpangaji herufi. "Hilo langu mimi. Mwengine asiliguse."

Kheiria aliuliza kama wangechapa karatasi moja kwanza waone. Thabit alimweleza kwa upole kwamba uamuzi wa uongozi haufanyiwi majaribio.

Alikuwa na haraka. Cheo cha mudir mkuu kilikuwa wazi, na Wakili wa wizara, yaani katibu wake mkuu, alikuwa anakuja kufungua maonyesho ya herufi. Kadi ya sherehe ingekuwa na majina ya watumishi wote, la Thabit juu kabisa, peke yake. Kheiria alipoiona kadi ya mwanzo ikitoka alikwenda nayo mlangoni kwa mudir. Thabit aliinua mkono kabla hajasema.

"Umefuata waraka?"

"Nimefuata, Ustadh. Lakini..."

"Basi peleka kiwandani Rusayl zichapwe."

Siku ya sherehe Wakili aliisoma kadi yake, ambamo jina la Canone lilijaza nusu ya karatasi, akauliza Ustadh Justus yuko wapi. Justus akaja na sinia la vikombe. Wakili aliona huo ni unyenyekevu wa kiongozi wa kweli, akamkalisha kwenye kiti cha mbele na kumuuliza idara ina shida gani. Justus alisema vikombe havitoshi na gesi inakwisha kabla ya adhuhuri. Wakili alitikisa kichwa, akasema wizara nzima iko hivyo hivyo.

Thabit, aliyekuwa amesimama nyuma na hotuba yake mfukoni, alishindwa kuvumilia, akasogea. Wakili alikuwa anakwangua kadi kwa ukucha.

"Na hapa juu, hili doa la nini?"

Thabit aliinama. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Wakili, aliyewahi kukaa ubalozini Roma miaka mingi, aliuliza hizo herufi zinaitwaje. Alipotajiwa, alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, kwamba mosca ni nzi. Jicho la nzi lilikuwa mojawapo ya herufi ndogo kabisa walizokuwa nazo wachapaji wa kale. Maskati yenyewe Wataliano huiita Mascate. Kisha akamgeukia Justus wamalizie habari ya vikombe.

Asubuhi yake Thabit aliandika waraka wa kuufuta waraka. Kheiria alimkumbusha kwa adabu kwamba maneno ya mudir, kwa amri iliyopo, hutoka kwa herufi za mudir.

"Hakuna njia nyengine?"

"Ipo, Ustadh. Waraka ule ukishafutwa."

Ukachapwa. Maelezo yote, pamoja na salamu, yaliingia katika riga tatu, na Hamoud akatia saini kwamba ameyasoma na kuyaunga mkono. Hakuna mwengine aliyeweza kusema hivyo. Kwa hivyo kila asubuhi Thabit husimama kando ya ubao na kuwasomea wapitao kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Wanamsikiliza kwa heshima zote, mikono kifuani, wanasema wamefahamu, halafu wanamuomba awape kwa maandishi.