Lalamiko Kuhusu Ruta Iliyoniweka Nyuma ya Printa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti.

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi, na pole na majukumu. Mimi ni yule mwenye nyumba ya geti la bluu, ambaye fundi wenu alipofika alinikuta nimeshapanda juu ya paa kumwelekeza. Darasani sikukaa sana, lakini niliwahi kuwasha trekta lililokufa kwa kijiko cha chai, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Injini. Kwa hiyo usinijibu kama unavyowajibu watu wa kawaida.

Nakuandikia kwa sababu ruta yenu imenivua cheo. Juzi tulikuwa na kikao cha video na wakwe watarajiwa, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu. Msemaji wa familia ni mimi. Nikaanza kuwaeleza nilivyovuka mto wenye mamba nikiwa na baiskeli kichwani. Nilipofika kwa mamba wa tatu, picha ikaganda. Nimeachama, jicho moja limefumba. Wakwe wakanikodolea macho hivyo hivyo, mpaka mdogo wangu, aliyekuwa kwake na intaneti yake, akadakia na kumaliza mambo yote kwa maneno machache. Sasa ukoo unasema Jumapili, kwenye kikao cha wakwe kutujibu ndiyo au hapana, aongee yeye. Mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Nikamwita mpwa wangu, anayesomea kompyuta, anieleze mashine hii ina ugomvi gani nami. Nimegundua haya:

1. Ruta hukipa kila kifaa cha ndani anwani, yaani namba, ili ijue data impelekee nani. Hapo sina neno. Lakini simu ya mpwa ni ya pili, televisheni ya tatu, printa, ambayo inakula karatasi bila kutoa kitu, ni ya nne. Simu yangu mimi ni ya tisa! Mpwa ananiambia, "Mjomba, ni namba tu, haina ukubwa wala udogo." Ndugu Meneja, umewahi kuona wapi baba mwenye nyumba anapakuliwa baada ya printa?

2. Mashine yenu ina mitandao miwili: wa wenyeji, na wa wageni ambao hupata intaneti lakini hawaruhusiwi kugusa vifaa vya ndani. Nimekuta simu yangu iko kwa wageni. Mpwa anadai ni kwa usalama, eti mjomba anabonyeza kila kinachometameta. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, kila tofali linanijua. Nilipoiamuru printa ichapishe, ikanikana kama vile sijawahi kuipangusa vumbi.

3. Kuna masafa ya mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi mbili nukta nne yanafika mbali na yanapenya kuta, lakini yanajikokota. Ya gigahezi tano yana kasi, lakini yakikutana na ukuta yanaishiwa pumzi. Huyu wa tano namfahamu, hata kwetu wapo: mbio zote sebuleni, ukimtuma chumba cha nyuma hafiki. Na chumba cha nyuma ndiko ninakofanyia vikao. Mpwa anasema nihamie sebuleni, karibu na ruta. Yaani mimi ndiye nimfuate yeye!

4. Nilipowapigia simu, mlinishauri niizime ruta, nisubiri kidogo, niiwashe. Nikaizima. Nikasubiri kwa adabu zote. Ilipowaka ikagawa namba upya, mimi nikawa wa kumi na moja. Nimepitwa hata na balbu ya barazani, ambayo imekuja nyumbani juzi tu.

5. Mpwa akasema nywila imara ni ndefu, yenye herufi kubwa na ndogo. Nikaweka vyeo vyangu vyote tangu ujana. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuingia, hata mimi. Naandika, mashine inajibu si sahihi. Sasa inanibishia mpaka historia yangu.

Kwa hiyo naomba: namba zigawiwe kwa umri, huyo gigahezi tano arudishwe kiwandani akafundishwe kuvumilia kuta, ruta ipewe onyo la maandishi mbele ya printa, na kampuni iuandikie ukoo wangu kwamba siku ile nilikuwa bado naongea, tena vizuri. Haya yote kabla ya Jumapili, la sivyo binti yangu ataozwa na mtu asiye na hata mamba mmoja.

Nisalimie fundi wenu, na yule dada wa simu aliyeniwekea muziki mpaka nikasinzia, na wote wanaonifahamu hapo ofisini.

Ni mimi mteja wenu mkuu,
Mjomba Injini,
Msemaji wa familia (kwa sasa nimesimamishwa).

Tanbihi: Barua imechelewa kutoka, na kikao kimeshapita. Kwa kuwa nywila ilinifungia nje, nilikwenda kwa jirani, fundi cherehani, akaniunganisha kwenye mtandao wake wa wageni. Nikaingia kikaoni kabla ya mdogo wangu. Sikuganda hata mara moja. Mamba wote saba walisikika, na baiskeli, na trekta. Nilipomaliza, baba wa kijana alikunywa maji, kisha akasema ndoa wameikubali, na vikao vyote vilivyobaki niongee mimi, ila kwa sharti moja: nitumie ile mashine ya nyumbani kwangu. Nywila mpwa ameshaiweka upya, kwa hiyo fundi asije. Msiiguse.