Presha ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya figo. Damu, mkojo, mizani. Daktari anasema figo zikichoka, moyo ndio hulipa. Protini kwenye mkojo imepungua, afadhali. Imebaki presha. Nimefungwa mkanda wa kupima presha mkononi hadi kesho. Unajikaza wenyewe mchana na usiku. Presha isiposhuka usingizini, hakuna ruhusa ya safari. Na safari ni ya kwenda kwa dada yangu, tuliyepoteana naye mpakani tukiwa vijana! Jambo zito kama hilo haliachiwi mkanda.

Jioni. Wazo! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Chuma: hajawahi kumeza hata kidonge, na hulala fofofo. Nimemfunga yeye. Malipo: kiti changu cha dirishani. Amesema, shem, hata ukinifunga kengele nitalala tu.

Jumanne, 4 Machi
Amekoroma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Mkanda nimeurudisha huku napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Daktari amepiga simu. Presha "yangu" usingizini haishuki, inapanda mlima. Safari hakuna, eti nishukuru kuwa sijaanguka. Nimemlaani Chuma kimoyomoyo. Kisha nikamtazama. Yuko kwenye kiti changu, anasinzia, mdomo wazi. Kumbe wa kuanguka ni yeye! Na mke wangu ana kaka mmoja tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekiri. Daktari ameniuliza umri wangu mara mbili. Muuguzi amecheka hadi akaegemea ukuta. Chuma amepimwa papo hapo, amepewa vidonge; analalamika kwamba nimemwambukiza. Mke wangu anasema utapeli wangu umemwokoa kaka yake, kwa hiyo atanisamehe, ila si leo. Nimefungwa mkanda upya. Mlinzi: mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Imeshuka! Usingizini presha yangu inateremka taratibu, kama mtu anayeijua njia ya kwao. Ruhusa imetoka! Nimempigia dada simu. Amelia, kisha akauliza kama ningali mjanja mjanja. Nimemwambia hapana. Pumzi zimenishuka hadi visiginoni.

Sharti moja tu: kabla ya kupanda basi nipimwe lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. Sina wasiwasi. Jirani wa ghorofa ya chini ni mwembamba kama uzi, na hali ila majani. Nimemwalika chai. Nitamuuliza, kwa upole, kama anaogopa sindano.