Hasidi wa Udongo

Jumatatu, 12 Mei. Ankara.
Nimelipata! Nimelipata! Arsanatalla, neno la Kihiti, lugha ya kale ya vibao vya udongo! Shina lake ni kuhusudu. Libandike -talla mkiani, unapata mtu ambaye kuhusudu ndiyo kazi yake. Vilevile sisi Waturuki huchukua simit, mkate wa duara, tukaibandika -çi, tukapata muuza simit. Hasidi! Hapa idarani linamfaa mwenzangu Şebnem tu.

Jumanne, 13 Mei.
Profesa Nejdet ametangaza: mimi na Şebnem tutazungumza kwenye kongamano la Çorum, na atakayewika atapewa ajira ya kudumu. Şebnem naye kachagua arsanatalla! Anadai amelihangaikia miaka miwili. Kweli, mara ya kwanza nililiona mezani kwake. Macho hayana pazia.

Jumatano, 14 Mei.
Mbinu! Yeye atakuja na picha, mimi na kibao cha udongo chenyewe, nilichokichora kwa unyasi kama makarani wa kale. Kizuri, nusura nilie. Mama kanifukuza jikoni, eti tanuri lake ni la kuokea börek, si matope. Nimekianika roshani. Kitakauka.

Alhamisi, 15 Mei.
Safari. Gülizar, mpika chai wetu, katoka na jagi la kumwaga maji nyuma ya gari, ndiyo desturi yetu, tuende kama maji na turudi kama maji. Nikamwambia dada, jagi la nini? Lete ndoo! Nilitaka Profesa auone moyo wangu. Nikaweka kibao chini, nikamwaga ndoo nzima.

Juu ya kibao.

Arsanatalla lote likaingia mtaroni! Profesa akachungulia dirishani, akauliza kama yale matope ndiyo hotuba yangu. Gülizar akacheka hadi akakaa ngazini. Şebnem akashuka, akazoa matope pamoja nami, akasema pole kaka Orçun, tutagawana picha zangu. Ufidhuli ulioje!

Jumanne, 20 Mei.
Ajira kapewa Şebnem. Kule Çorum alinishukuru kwa jina, ukumbi ukapiga makofi. Sasa nimeelewa: alinitupia kijicho! Hasidi mkubwa! Nimenunua ushanga wa bluu wa kujikinga, mpana kama sahani, nimeutundika juu ya kiti changu.

Leo wenzetu wakimlisha baklava ya pongezi, mimi nilipita kidogo karibu na meza yake. Pana neno jipya pale, refu, lina mkia wa ajabu.

Nimelipata! Nimelipata!