Tangazo la Dawa ya Panya

Jumatatu, 16 Juni. Manundu, Korogwe.
Nimenunua maikrofoni! Nyeusi, nzito, waya mrefu. Kampuni ya Faraji Matangazo imezaliwa. Wafanyakazi: mimi. Kazi ya kwanza: tangazo la Hiza, muuza dawa ya panya, atakalolipiga kwa spika ya pikipiki gulioni Kwamsisi Jumamosi. Likimpendeza, magulio yake yote ya Handeni ni yangu. Lisipompendeza, anampa Yusta wa steshenari, anayerekodi watu kwa simu huku akitoa fotokopi. Simu!
Lazima niipate kazi hii. Mama mkwe, Bi Mashavu, yuko kwetu, katoka Magoma. Amemwambia Yusra, mke wangu, nami nipo hapo hapo nakunywa chai, kwamba Jumapili anarudi kwake. Ikiwa hadi siku hiyo baba Maryamu, yaani mimi, hajaonekana na kazi, ataondoka na binti yake na mjukuu wake. Ameutaja na mradi wangu wa sungura. Haikuwa lazima.

Jumanne, 17 Juni.
Nimekaa kwenye kochi, maikrofoni mdomoni, nimerekodi. Nimesikiliza. Hakuna mtu! Nimetega sikio. Mbali kabisa, kama aliyetumbukia kisimani, nasema “panya”. Nimepandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho. Ikapiga kengele yake, Maryamu akaamka analia, kuku wa jirani wakaruka ua. Mimi bado kisimani. Yusra kasema hiyo ni sauti ya kutoka, si ya kuingia. Nimemjibu sauti ni sauti.

Jumatano, 18 Juni.
Nimepita kwa Frank, fundi kompyuta. Hakuinua hata macho. Alisema kwanza niangalie kompyuta inasikiliza maikrofoni ipi, maana ina yake ndogo ndani, halafu ndipo nipandishe sauti ya kurekodia. “Kwanza” yake niliipuuza. “Halafu” niliisikia vizuri. Maikrofoni ipi! Ninayo moja, naishika kwa mkono.

Alhamisi, 19 Juni.
Dawa ni kupaza sauti. Nimesimama sebuleni, nimefumba macho, nimepiga kelele: Wasumbufu wa nyumba! Wanakula chakula chako bure! Maliza wote! Nimefumbua macho. Bi Mashavu yuko mlangoni, bakuli la uji mkononi.
Aibu. Mbele ya mkwe hupazi sauti, hata kukohoa unakohoa nje. Kaweka bakuli chini. Kamuuliza Yusra kama ni yeye anayesemwa. Nimekimbilia jikoni, Yusra kanifuata na mwiko.
Nimepata mpango. Kompyuta haiwezi kutoka sebuleni: betri imekufa na soketi nzima ni hiyo moja. Lakini waya unapita chini ya mlango! Kompyuta ibaki mezani na wanawake, mimi na maikrofoni chumbani, chini ya blanketi. Adabu na kazi, vyote pamoja.

Ijumaa, 20 Juni.
“Halafu” ya Frank imefanya kazi. Nimeipata sauti ya kurekodia, ilikuwa chini kabisa, nikaisukuma hadi juu. Nikabonyeza, nikakimbilia chumbani, nikatangaza mpaka blanketi likalowa. Hiza alikuwa nje anapiga honi. Nimeonja mwanzo tu: inanguruma! Nimemtilia kwenye flashi. Yusta akafunge duka.

Jumamosi, 21 Juni. Kwamsisi.
Nimepanda nyuma ya Hiza nikajionee. Kafungulia spika, tangazo lijirudie, akaenda kula mihogo.
Kwanza ule mngurumo: kumbe ni mvua juu ya bati letu. Kisha Bi Mashavu, wazi kama amekaa kwenye tangi la pikipiki:
“Mwanangu, mumeo anamfokea nani huko chumbani?”
Yusra: “Anatangaza dawa ya Hiza, mama.”
“Dawa ile? Niliinunua. Panya walikula, wakalala, wakaamka na watoto.”
Kwa mbali, kisimani, mimi: “Maliza wote!”
Gulio zima lilicheka. Nilitafuta pa kuzimia, sikuona. Ufunguo wa kuzima spika alikuwa nao Hiza. Likajirudia. Likajirudia tena. Mzee mmoja akarudisha pakiti, wengine wakapanga foleni nyuma yake. Hiza alikuja anakimbia, muhogo bado mdomoni. Kasema kazi ni ya Yusta, na Korogwe nirudi kwa miguu yangu.
Nimebebwa na Jabiri, muuza mitego ya panya. Njia nzima aliuliza jambo moja: yule mama ni nani?

Jumapili, 22 Juni. Manundu.
Jabiri kafika asubuhi na shikamoo na mtego mpya wa zawadi. Anamtaka Bi Mashavu atangaze mitego. Bi Mashavu kakubali, ila hatangazi kabla ya chai. Yusra kafungua begi, kanga zimerudi sandukuni. Haondoki! Mama mkwe naye haondoki. Kasema naweza kubaki, kwa kuwa kompyuta ni yangu.
Frank kapita kunicheka. Kauliza kama niliangalia maikrofoni ipi. Nimemjibu kwa upole kwamba kosa nimeshalichunguza mwenyewe. Ni waya. Mfupi mno, sauti haipati nafasi ya kukimbia. Kesho nauongezea mwingine, nikarekodie uani kwa jirani.