Panya Wekundu wa Rafu ya Juu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Ukishindwa, soma kimya. Usimwambie mtu hata neno moja, hasa Nathaniel. Nina shahada ya utunzaji wa kumbukumbu na mkataba wa muda unaokwisha Ijumaa.

Nafasi ya kudumu ni moja. Makarani wa muda tuko wawili: mimi rafu ya juu, Nathaniel rafu ya kati. Tunaandika habari za panya weupe wa Dk. Kokuberwa. Wamepandikizwa jeni inayowafanya watoe kupita kiasi kile kichocheo kinachoamuru mwili utengeneze damu. Damu inazidi, inakuwa nzito kama uji. Pua, masikio na nyayo, nyekundu tupu.

Leo wamekufa wawili. Namba 14 na 22. Mikononi mwangu! Kila panya ana namba ya mali ya ofisi, na mali ikipotea karani huandika barua ya kujieleza. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika barua tatu kwa ajili ya stepla moja. Stepla haikuonekana. Mkataba nao haukuonekana tena.

Sijaandika kitu kwenye leja. Nafikiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Rafu ya chini wako ndugu zao wa kawaida, wasio na jeni hiyo. Baadhi wamekomaa na bado hawajapewa namba. Kwa mujibu wa leja, hawapo duniani. Nimechukua wawili, nikawavisha vipini vya masikio vyenye namba za marehemu, nikawapaka pua, masikio na nyayo wino mwekundu wa muhuri. Nimeng'atwa mara mbili.

Mama Paskazia, msafisha vizimba, akaingia ghafla. Nikatoa shikamoo kwa sauti ya kwaya. Akaitikia marahaba, akamtazama 14, akauliza huyu naye ametoka kupiga kura kituo gani. Nikacheka. Nilicheka muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jumatano, 5 Machi

Vifo vitatu. Mmoja wao, namba 9, alikuwa akiburuta miguu ya nyuma tangu wiki iliyopita. Nimebadilisha wote kabla ya saa nne.

Nathaniel amefiwa na wanne. Ameandika wote, na saa, na uzito wa moyo, huku akipiga mluzi! Akaniuliza mbona kwangu hakuna msiba, kaka. Nikamjibu kwamba ni suala la uangalizi. Nimemhurumia. Anajifukuzisha kazi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amepima damu. Ya 14 ni nyepesi, ya kawaida kabisa. Akapima tena. Ya 9 vilevile, na 9 anakimbia! Daktari akapiga kelele: Yesu na Maria!

Sikujua. Mama yake huko Bukoba damu inamzidi hivyohivyo, kila mwezi hutolewa chupa nzima. Alimpigia simu palepale, mbele yetu, akilia. Akamwambia mama, wamepona, sijui kwa nini, lakini wamepona.

Kisha akanishika bega. Habari ya ile nafasi, nisiwe na wasiwasi.

Nimeshindwa kula. Ni furaha, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Pamba yenye spiriti imetoka nyekundu puani mwa 14. Daktari akaitazama sana. Akakata vipande vya mikia, akapima jeni. Hakuna. Panya watano, hakuna.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema vifo ndivyo vilivyokuwa jibu: nani amekufa, lini, moyo umevimba kiasi gani. Miaka miwili ya kusubiri.

"Nilikuajiri uandike vifo, baba. Sasa mama nimwambie nini?"

Nilitaka kuomba radhi. Ikatoka shikamoo.

Nafasi amepewa Nathaniel, kwa leja yake nzuri. Mimi nimepewa siku tatu. Barua ya kujieleza.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imefika kurasa sita. Nimeonyesha wazi kwamba tatizo ni taratibu za ofisi. Nathaniel alipita mlangoni akasema pole, kaka. Pole! Mtu aliyepandishwa cheo na maiti!

Nimepata usaili. Shamba la kuku, mbele ya Igoma. Wanataka karani wa vifaranga. Nimeuliza swali moja tu: kifaranga akifa, nani anajieleza? Wakasema karani. Nimeshukuru kwa kuambiwa mapema. Safari hii hawatanikuta sijajiandaa.

Kwa hiyo, kama una vifaranga wa siku moja, wa njano, ambao hakuna aliyewahesabu, nakuhitaji. Usipige simu. Njoo Mkolani mchana, muulize Hellen, fundi cherehani, umwambie unamtafuta yule kijana msomi. Akikuuliza umebeba nini, sema vitenge. Ongea kwa sauti kubwa, wasisikike. Na boksi ulitoboe matundu.