Kona Aliyoiacha Shangazi Fen

Jumatatu, 8 Aprili

Mdaku wangu weee, umeshafungua shajara ya watu, basi soma! Leo bustanini kuna habari moto. Shangazi Fen, mwenzetu wa mazoezi, amehamia kwa mwanawe. Kona yake ya taichi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, iko wazi!

Usidharau kona. Sisi tunageuka geuka. Ukigeuka, wa mbele anakuwa wa nyuma, na wa kona ndiye anayefuatwa na wote. Ndiyo maana wageni huwekwa katikati, kama nyama ndani ya andazi. Mimi niko katikati tangu nijiunge. Kikundi chetu ni cha wenye maumivu sugu: magoti, mabega, shingo. Mimi kiuno, tangu nipandishe friji la mtu ghorofani. Mtaani wananiita Kiuno Glasi. Nikipata kona, nitafuatwa, sitahurumiwa tena!

Mwalimu Luo kasema ataamua Jumamosi. Mpinzani ni Mzee Qiu, magoti mabovu, chupa ya chai haimtoki mkononi.

Jumanne, 9 Aprili

Mbinu! Taichi ni polepole. Basi wa polepole kuliko wote ndiye bingwa. Nikashindana na Mzee Qiu kwa kwenda polepole! Wenzetu walimaliza, wakaenda kula tambi za mchele. Sisi wawili bado, mguu mmoja hewani. Akaniambia, we kijana Kang, mbona mguu unatetemeka kama simu inayoita? Nikamjibu ni upepo. Hata jani halikutikisika.

Nilishinda! Yeye aliushusha wake mapema, akakaa, akamimina chai. Mwoga.

Jumatano, 10 Aprili

Kitandani. Kiuno kimegoma. Mama kanibandika plasta ya dawa, nanuka kafuri kama sanduku la bibi. Anasema hajawahi kuona mtu aliyeambiwa afanye polepole akaenda kuumia kwa polepole. Daktari alisema kidogo kila siku, basi. Daktari hamjui Mzee Qiu!

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepona! Kabisa! Nikafanya mazoezi ya jana, ya leo, na akiba ya kesho. Mwalimu Luo akaniuliza nakimbizwa na nani. Mzee Qiu akadakia eti na friji. Kikundi kizima kikacheka. Cheka tu, mzee.

Ijumaa, 12 Aprili

Akiba ya kesho imenirudia leo. Nimevaa soksi kwa msaada wa Mama. Lakini sikukosa bustani! Nilitaka kuwahi kona kabla hata shomoro hawajaamka. Nafika, Mzee Qiu ameshakaa pale na kigoda chake. Akanikaribisha chai. Nikakataa kwa heshima. Kisha nikanywa, baridi ilizidi.

Jumamosi, 13 Aprili

Siku ya siku! Mwalimu Luo alinijaribu mimi kwanza. Muziki, pumzi, tukageuka, na mimi mbele ya watu wote! Nikaona niwaonyeshe kuinama kwa kweli. Nikainama chini, chini zaidi.

Kah! Kiuno kikajifunga. Nikashika mgongo, nikakunja uso kama niliyeng'ata limau. Nikachungulia nyuma kwa jicho moja. Wote wameinama! Wote wameshika mgongo! Wote wamekunja uso! Shangazi Ouyang, yule wa bega, akauliza mkao huu unaitwaje. Nikamwambia Kunguru Anatafuta Funguo. Akasema mzuri, ila sasa hawezi kuinuka.

Hakutania. Mzee Qiu ndiye aliyemwinua, taratibu, huku akimtania asilie, funguo zimepatikana. Mwalimu Luo alicheka mpaka akaegemea mti. Halafu akanivuta pembeni, akasema kwa upole kwamba wanaonifuata nao wanaumwa, na nikizidisha mimi, nimewazidishia wote. Kona kapewa Mzee Qiu. Yeye kila kitu anafanya nusu, haumizi mtu. Walipomfuata, hakuna aliyeguna kwa maumivu.

Jioni nilimpelekea Shangazi Ouyang machungwa. Akanisamehe, akanimenyea mimi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimetafakari sana. Nimeelewa kosa. Kikundi ndicho hakikunifaa! Ng'ambo ya kidimbwi cha bustani wapo wa taichi ya upanga. Vishada vyekundu kwenye mipini, wanaruka, wanazunguka, wanachuchumaa kwa mguu mmoja! Nimeuliza. Wamepungukiwa na mtu wa kona. Wamesema nianze kesho.

Mama kaficha viatu vyangu. Nimeviona.

Na kiuno leo kimetulia tuli, hata hakisemi. Sasa Mdaku, ingekuwa wewe, kiuno kimekaa kimya namna hii na kona inakuita, ungebaki kitandani?